DANIELI HAKUTAFUTA KUKONDA

(Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyotangazwa redioni. Somo: Danieli 1:8–16)

  Kama Biblia iko karibu, fungueni kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, mweke kidole hapo. Tutarudi.

Leo twataka kuzungumza juu ya sahani. Huenda mtu akasema, "Redio ya kanisa na sahani zina habari gani?" Tafadhali vumilieni kidogo, maana jambo hili limetufundisha sisi wenyewe, na limetuaibisha pia.

Majuma machache yaliyopita, katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Loresho, mama mmoja alisimama kushuhudia. Alisema kwamba amepungua kilo sita kwa majuma matano. Siri yake ilikuwa moja tu: alikuwa ameacha chakula chote kilichopitia motoni. Asubuhi alikula papai na ndizi mbivu. Mchana alikula karoti, matango na kabichi iliyokatwa nyembamba. Jioni alikula parachichi na nyanya. Ugali hakugusa, wala chapati, wala wali, wala githeri, hata chai aliiacha. Tulimpigia makofi. Mmoja wetu akasema, "Huyu ndiye Danieli wetu!" Tukacheka, tukaimba wimbo wa mwisho, tukaagana.

Lakini kabla hatujafika langoni, mama yule alimshika mkono dada mmoja katika ushirika ambaye ni muuguzi. Akamweleza kwa sauti ya chini mambo mawili ambayo hakuyasema katika ushuhuda wake. La kwanza, siku zake za mwezi hazikuja. La pili, yeye ni mgonjwa wa kisukari, naye alikuwa akiendelea kumeza vidonge vyake kama zamani. Mara mbili alikuwa ametetemeka, akatokwa jasho, akakaribia kuanguka jikoni. Dada akamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Ningesemaje, na ninyi mnapiga makofi? Mngeniona nimekosa imani."

Wapendwa, neno hilo lilituchoma. Makofi yetu yalikuwa yamemfunga mdomo mwenzetu. Basi tulirudi nyumbani tukafanya mambo mawili. Tuliuliza watu wenye ujuzi wa lishe, na tulimsoma Danieli upya. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea asubuhi ya leo.

KWA NINI MTU HUPUNGUA?

Kwanza, tusimdharau mama huyu kwa kutaka kupungua. Wakati taifa letu lilipopimwa afya mwaka 2014, ilionekana kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya walio na umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 33 walikuwa na uzito uliozidi. Hapa Nairobi walikaribia nusu. Uzito wa namna hiyo huleta shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti. Anayetaka kuutua mzigo huo ana sababu njema.

Tena ni kweli kwamba anayekula vibichi peke yake hupungua. Jambo hili halina mwujiza wala uganga. Lina sababu tatu zinazoeleweka.

Sababu ya kwanza ni maji na nyuzi. Wataalamu hupima nguvu iliyomo katika chakula kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu 100 za tango zina kalori 15 hivi, na gramu 100 za kabichi mbichi zina kama 25. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Fikirini basi: nusu kilo nzima ya kabichi yakaribia kulingana na kijiko kimoja cha mafuta! Anayetafuna kabichi hushiba kwa wingi wake, huku mwili umepata nguvu kidogo tu. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha kutoka nje, huenda ghalani kwake, yaani katika mafuta ulioyaweka, ukaanza kuyatumia.

Sababu ya pili ni moto wenyewe. Moto hulainisha chakula na kuufungua wanga, hata tumbo likaweza kuutumia. Kiazi kibichi au unga mkavu hupita tumboni ukiwa na sehemu kubwa isiyosagika. Yuko mtaalamu mmoja, Profesa Richard Wrangham, aliyechunguza maisha ya sokwemtu kule Gombe, Tanzania, katika miaka ya 1970, na baadaye katika msitu wa Kibale, Uganda, tangu mwaka 1987. Aliwaona wanyama hao wakitumia karibu saa sita kila siku kutafuna matunda na majani yao. Hata yeye mwenyewe alijaribu kula walivyokula, akaona njaa. Mwaka 2009 aliandika kitabu kueleza kwamba mwanadamu ameumbika kwa chakula kilichopikwa: meno yetu ni madogo, tumbo letu ni dogo, na siku yetu haitoshi kwa kutafuna. Mama anayeinjika sufuria ameianza kazi ya kusaga chakula kabla hakijafika kinywani.

Sababu ya tatu husahaulika, nayo huenda ndiyo kubwa. Anayeacha chakula cha motoni huacha pia mandazi, chipsi, nyama ya kukaanga na chai ya sukari. Akitimiza nia yake vizuri huacha na soda. Chupa ndogo moja ya soda ina sukari gramu 30 hivi, kama vijiko saba vya chai. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, amekula vijiko 12 bila kuhesabu. Mtu akiviacha vitu hivi atapungua, hata kama mboga zake amezipika. Mara nyingi sifa twampa ubichi, kumbe kazi imefanywa na sukari iliyobaki mkebeni.

NA HATARI IKO WAPI?

Sasa twafika penye uzito. Wenzetu wa Ujerumani waliwachunguza watu zaidi ya 500 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Wanaume walikuwa wamepungua kwa wastani karibu kilo 10, na wanawake kilo 12. Mtu akisikia hayo peke yake atashangilia. Lakini mwanamke mmoja katika kila wanne alikuwa amekonda kupita kiasi. Na katika wanawake wa chini ya miaka 45, karibu 30 katika kila 100 siku zao za mwezi zilikuwa zimevurugika au zimekoma kabisa. Mwili wa mwanamke una hekima. Ukiona chakula hakitoshi, hufunga kwanza mlango wa uzazi, maana hautaki kubeba mtoto wakati wa njaa. Mwili wa mama yetu ulikuwa umeanza kunong'ona, naye hakuwa na mtu wa kumwambia.

Tena mwaka 2005 watafiti walichapisha habari za watu wapatao 200 waliokula hivyo. Mafuta mabaya katika damu yao yalikuwa yamepungua, na hilo ni jema. Lakini 38 katika kila 100 walipungukiwa na vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Mtu akiikosa kwa muda mrefu huishiwa damu, hufa ganzi mikononi na miguuni, na hata akili huchoka.

Zaidi ya hayo, viko vyakula vyetu ambavyo Mungu ametupa pamoja na moto wake. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu: machache tu yasiyoiva yaweza kumtapisha mtu sana. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemshe sana hadi yaive. Muhogo mchungu nao una sumu inayohitaji kutolewa kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa. Katika wilaya ya Tarime, nchini Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu walikula muhogo uliotayarishwa haraka kwa sababu ya njaa, na wengi wakapatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafula. Mababu zetu hawakusoma kemia, lakini waliijua njia ya jikoni, na hata managu waliyachemsha kwanza. Tusiitupe hekima yao kwa sababu ya mtindo mpya.

Kuna na uchafu. Sisi wa Nairobi twajua kwamba si mboga zote za sokoni zilimwagiwa maji safi. Nyingine hukuzwa kando ya mito inayobeba maji machafu ya mji. Moto huua vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Anayekula mboga bila moto hana budi kuiosha kwa uangalifu, jani kwa jani, kwa maji yaliyo salama.

Na ninyi wagonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu mnaotumia dawa, sikieni neno hili. Ukipunguza chakula kwa ghafula, na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka hata ukazimia, na mtu aweza kufa. Usianze kabla ya kumwona daktari. Usiache dawa kwa nia yako, wala usiimeze kama zamani wakati sahani imebadilika. Akina mama wenye mimba, wanaonyonyesha, na watoto wadogo, hawa wasiingizwe kabisa katika jambo hili.

DANIELI ALIKULA NINI?

Haya, rudini sasa penye kidole. Danieli na wenzake watatu, Hanania, Mishaeli na Azaria, walichukuliwa mateka hadi Babeli. Mfalme akaagiza wapewe chakula cha meza yake na divai yake. Danieli akaamua moyoni asijitie unajisi. Akamwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi.

Wapewe nini? Wenye Biblia ya tafsiri ya zamani, ile ya Union, itazameni vizuri. Imeandikwa mtama! Tafsiri nyingine zasema mboga za majani. Wanaoijua lugha ya Kiebrania husema neno lile lina maana ya vitu vilivyotoka katika mbegu zilizopandwa, kwa hiyo nafaka na kunde zaweza kuwamo. Sasa twawauliza, ndugu zetu wa Ukambani na wa Nyanza mnaoujua mtama: ni nani kati yenu aliyewahi kushiba mtama mkavu usiopikwa? Maandiko hayasemi hata neno moja kwamba Danieli alikataa moto. Alikataa meza ya mfalme. Na katika sura ya kumi twasoma kwamba wakati mmoja wa maombolezo aliacha nyama na divai kwa majuma matatu. Basi ni wazi kwamba nyakati nyingine alivitumia.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi liko katika mstari wa 15. Siku kumi zilipokwisha, vijana wale walikutwa je? Wamekonda? Hapana! Walikuwa na nyuso nzuri kuliko wenzao, tena miili yao ilikuwa imenenepa zaidi. Tumeusoma mstari huu tangu Shule ya Jumapili, na bado tulimwita mama yetu Danieli kwa sababu amekonda! Danieli hakutafuta kukonda. Alitafuta kuwa mwaminifu, na Mungu akamlinda mwili.

Wala moto si adui wa mtu wa Mungu. Eliya alipokuwa amechoka jangwani hata akataka kufa, malaika alimwandalia mkate ulioiva juu ya makaa. Bwana wetu alipofufuka, wanafunzi walimkuta ufukweni amewasha makaa, na juu yake samaki, na mkate. Mwokozi aliyeshinda mauti aliwapikia rafiki zake chakula cha asubuhi!

Basi ikiwa ndugu yako amechagua kula vibichi, na afya yake ni njema, usimcheke. Na wewe uliyechagua, usimhukumu anayekula ugali. Mtume Paulo alikwisha kuamua shauri hilo katika Warumi 14. Ufalme wa Mungu hauko katika sufuria, wala hauko nje ya sufuria.

TUFANYE NINI?

Tuliyofundishwa na wataalamu ni mepesi. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Wakenya wengi sana hatuli mboga na matunda ya kutosha, ingawa soko la Kangemi liko jirani na Marikiti hujaa kila alfajiri. Kula tunda bichi kila siku: pera, chungwa, papai au embe. Vitamini C iliyo ndani yake hupotea upesi motoni. Lakini karoti hutoa vitamini A vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo. Sukuma wiki, terere na sagaa usizichemshe hadi zikapoteza rangi. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kwa chupa. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kwa juma, ulimi utazoea. Ugali uwe wa kiasi cha ngumi yako, usiwe mlima. Na utembee kwa miguu. Atakayepungua nusu kilo kwa juma amefanya kazi nzuri, maana kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zaidi ya 7,000, nayo haiyeyuki kwa siku moja. Kilo zinazokimbia katika siku za kwanza nyingi ni maji, nayo hurudi.

Bado neno moja, nalo ndilo lililotugusa kuliko yote. Sisi wa Loresho tumepakana na Kibagare. Kutoka kwenye bustani zetu hadi kwenye vibanda vile vya mabati ni mwendo wa dakika chache. Tulipokuwa tukihesabu kilo tulizopunguza, tulikumbuka Isaya 58, mahali Mungu anapoeleza ni mfungo gani aupendao: ule wa kumgawia mwenye njaa chakula chako. Tukaona, kama tumeacha soda na nyama za kukaanga, fedha ile imekwenda wapi? Basi tukanunua maharagwe, tukayapeleka. Mama mmoja wa huko aliyapokea kwa heshima, akashukuru, kisha akasema kwa upole, "Maharagwe tumewahi kupewa. Moto ndio hatujapewa."

Tulinyamaza. Maharagwe huchukua saa nyingi jikoni, na makaa ni fedha. Huku juu tulikuwa tumeuacha moto kwa kupenda, tukauita utakatifu. Huko chini wenzetu walikuwa wanaukosa, na watoto wanalala na chai ya rangi. Tangu siku ile, tunapopeleka maharagwe twapeleka na makaa.

Na mama yetu? Dada muuguzi alimpeleka kwa daktari kesho yake. Dawa yake ikapimwa upya, na sahani yake ikapangwa upya. Sasa anakula githeri na mboga, na tunda lake kila siku. Kilo mbili zimerudi, nne hazikurudi. Siku zake zimerudi pia. Juma lililopita alisimama tena katika ushirika, akaeleza yote, hata yale ya jikoni. Safari hii hatukupiga makofi kwanza. Tulimsikiliza mpaka mwisho.

Msikilizaji mpendwa, mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu. Utunze, lakini usiuabudu. Kama una jambo unaloficha kwa sababu watu wanakusifu, mtafute leo mtu mmoja wa kumwambia. Na kama kuna mtu anayesifiwa karibu nawe, mwulize kwa upole, "Ndugu, mzima kweli?"

Tuombe. Baba yetu, twakushukuru kwa matunda ya mti na kwa moto wa jiko. Utusamehe tulipokipima kicho chetu kwa mizani ya kilo. Waponye wagonjwa wanaoficha maumivu yao. Uwape mkate walio na njaa, na utufanye sisi kuwa mikono ya kuupeleka. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Mpaka juma lijalo, saa kama hii, Mungu awabariki.